Mtunzi wa Programu Naye Ale Wapi?

Juma hili nimeona tuzungumzie riziki ya watu ambao kazi yao tunaitumia kila siku bila kuwaona. Nina maana ya watunzi wa programu za kompyuta na simu, na hasa wale wanaofanya kazi peke yao, au wawili watatu, wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Mtu wa aina hiyo anakaa miezi minane, pengine mwaka mzima, anaandika programu ya kutunza hesabu za duka au ya kupanga ratiba ya shule. Siku anapoimaliza, swali linalomkabili si la ufundi tena. Ni hili: ataitoza vipi kwa haki, bila kumwonea mnunuzi na bila yeye mwenyewe kulala njaa?

Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu programu ni bidhaa ya ajabu. Muuza unga akikupimia kilo mbili, kilo hizo zimetoka katika gunia lake, na gunia limepungua. Mtunzi wa programu akikupa nakala, yeye hapungukiwi na kitu. Nakala ya kwanza imemgharimu mwaka wa maisha yake. Nakala ya pili, na ya milioni, karibu haimgharimu chochote. Ndiyo maana anayenakili programu ya mwenzake hajioni kuwa ni mwizi. Atakuuliza: nimemnyang'anya nini? Na kwa kweli nakala hakumnyang'anya. Alichomnyima ni ujira.

Wanamuziki wetu walilijua jambo hili zamani. Katika miaka ya 1980 na 1990, wimbo ulipopendwa, kaseti zake zilinakiliwa na kuuzwa barabarani, na waliouimba hawakuona hata shilingi. Bendi nyingi ziliishi kwa kiingilio cha mlangoni. Wimbo ulisambaa bure, lakini aliyetaka kucheza dansi Jumamosi usiku alilipa, kwa sababu jasho la jukwaani halinakiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ilikuja mwaka 1999, na programu za kompyuta zimo ndani yake. Lakini sheria haimlipi mtu. Humpa haki ya kudai tu, na kudai kwenyewe kuna gharama yake. Naomba msikilizaji ukumbuke kiingilio hicho cha mlangoni, maana tutakirudia.

Ugomvi wa nakala za programu ulianza mapema. Mwezi Februari 1976 kijana wa miaka 20, Bill Gates, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta wa Marekani. Yeye na wenzake walikuwa wametunga programu iitwayo BASIC kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Altair. Watu waliipenda mno, wakainakili kutoka kwa mtu hadi mtu. Gates alilalamika kwamba wenye Altair walioinunua hawakufika hata mmoja katika kumi, na kwamba ukigawa mapato yale kwa saa walizofanya kazi, kila saa ililipwa chini ya dola mbili. Barua ile iliwakasirisha wengi. Yeye baadaye alipata njia nyingine: kampuni yake ilitoza watengenezaji wa kompyuta wenyewe, nao wakaiingiza gharama ile katika bei ya mashine. Njia hiyo ilimtajirisha, lakini haimfai mtu wa peke yake. Mtengenezaji wa kompyuta hampokei kila kijana anayebisha hodi.

Miaka sita baadaye walitokea watu waliofikiri kwa namna tofauti kabisa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu habari zao zinafundisha.

Wa kwanza ni Jim Knopf, mfanyakazi wa kampuni ya IBM upande wa Seattle. Alikuwa ametunga programu ya kutunza orodha za majina, ambayo ilianza kama kazi ya kuchapa anwani za waumini wa kanisa. Marafiki waliomba nakala, na marafiki wa marafiki nao wakaomba. Kila alipofanya marekebisho ilimbidi awatumie wote kwa posta, na fedha zilikuwa zinamwishia. Mwaka 1982 aliandika ndani ya programu yenyewe maneno machache: kama imekufaa, nitumie dola 10 za kusaidia gharama, nami nitakuweka katika orodha ya watakaopelekewa marekebisho, na unaruhusiwa kumpa nakala mtu mwingine yeyote. Mke wake hakuamini kwamba hata mtu mmoja angetuma.

Mwaka huohuo, bila wawili hawa kujuana, Andrew Fluegelman wa California alikuwa amefanya jambo lilelile kwa programu yake ya mawasiliano iitwayo PC-Talk. Walipopata habari za kila mmoja wakaafikiana: Knopf akabadili jina la programu yake iwe PC-File, wote wawili wakaomba dola 25, na kila mmoja akamtaja mwenzake katika programu yake. Hundi zikaanza kumiminika kwa posta. Mwaka 1984 Knopf aliacha kazi IBM, kwa kuwa programu ile ilikuwa inamwingizia mara kumi ya mshahara wake.

Wa tatu, Bob Wallace, alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo wa Microsoft. Aliacha kazi mwaka 1983 akatunga programu ya kuandikia iitwayo PC-Write. Huyu aliongeza jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angelielewa mara moja. Disketi aliiuza dola 10, na ukitaka kujiandikisha rasmi, ukapata kitabu cha maelezo, msaada wa simu na marekebisho, ulilipa dola 75. Nakala ya aliyejiandikisha ilikuwa na namba yake. Akimpa jirani nakala ile, na jirani naye akajiandikisha, basi Wallace alimpelekea yule wa kwanza dola 25. Yaani kunakili, kulikoonwa kuwa wizi, yeye alikugeuza kuwa kazi ya uwakala yenye kamisheni.

Nawasikia wanaosema kwamba hiyo ilikuwa Marekani, na watu wale walikuwa waungwana. Sidhani. Walio wengi hawakulipa hata kule. Wako wasikilizaji wangu ambao wamefungua mafaili yao kwa programu ya WinRAR miaka kumi, na kila siku programu ile inawakumbusha kwa adabu kwamba siku 40 za majaribio zimekwisha, nao wanabonyeza na kuendelea na shughuli zao. Kilichowalisha akina Knopf si uungwana. Waliolipa walikuwa wanalipia kitabu cha maelezo, mtu wa kumpigia simu wanapokwama, na marekebisho ya mwakani. Nakala ilikuwa bure kama wimbo wa redioni. Kiingilio kilikuwa mlangoni.

Wengine walikata wimbo wenyewe vipande. Scott Miller wa Texas tangu mwaka 1987 alikuwa anatoa sehemu ya kwanza ya michezo yake bure, na aliyetaka kujua mwisho wake alinunua sehemu zilizobaki. Mchezo wa Doom, uliotolewa Desemba 1993 na kikundi kidogo cha vijana, ulisambaa dunia nzima kwa mtindo huohuo: sehemu moja bure, mbili za kulipia. Naona hiyo ni biashara safi. Mnunuzi ameonja, na hakuna aliyemdanganya.

Kisha zikaja simu, na pamoja nazo maduka. Julai 2008 kampuni ya Apple ilifungua duka la programu za simu zake, ikawaambia watunzi: leteni bidhaa, sisi tutauza, tutapokea fedha, na katika kila dola mtapata senti 70. Kwa mtu wa peke yake jambo hili mwanzoni lilikuwa neema. Hakuhitaji tena kupokea hundi wala kupanga foleni posta. Siwezi kulaumu ushuru kwa sababu tu ni ushuru, maana hata sokoni kwetu mwenye meza hulipa. Ubaya ni pale soko linapokuwa moja, mlango mmoja, na mwenye mlango ndiye anayepanga ushuru, ndiye anayeamua nani aingie, na yeye mwenyewe anauza bidhaa palepale ndani. Malalamiko yalikuwa mengi. Kuanzia Januari 2021 Apple ilipunguza ushuru kuwa asilimia 15 kwa watunzi waliopata chini ya dola milioni moja kwa mwaka, na Google ikafuata Julai mwaka huo kwa dola milioni ya kwanza. Mwezi Septemba 2021 mahakama ya California, katika shauri lililofunguliwa na kampuni ya michezo ya Epic, iliamuru Apple isiwakataze watunzi kuwaonyesha wateja njia nyingine ya kulipa. Shauri lile liliendelea miaka mingi baada ya hukumu hiyo.

Maduka hayo yalileta balaa jingine ambalo halizungumzwi sana. Bei ilishuka hadi senti 99, kisha ikawa bure, na mtunzi akaambiwa aishi kwa matangazo. Hapo mambo yanageuka. Programu ikiwa bure na mtunzi analipwa na mwenye matangazo, mteja wake si wewe tena. Wewe ndiwe unayeuzwa: unapenda nini, uko wapi, unalala saa ngapi. Afadhali kulipa shilingi elfu mbili na kubaki na siri zako.

Siku hizi wengi wamehamia ada ya mwezi au ya mwaka. Wateja wanainung'unikia, lakini kwa maoni yangu msingi wake ni wa haki. Programu haikai kama jembe. Simu mpya zinatoka, sheria za kodi zinabadilika, wezi wanagundua matundu, na lazima mtu akae macho kuirekebisha. Anayefanya kazi kila mwezi ana haki ya kulipwa kila mwezi. Udhalimu unaingia pale ambapo, ukikosa ada mwezi mmoja, unafungiwa nje ya kumbukumbu zako mwenyewe. Hesabu za duka ni zako. Aliyeuza kabati hana haki ya kukushikia nguo. Mwaka 2015 kampuni ya JetBrains, watengenezaji wa zana za watunga programu wenye makao yao Prague, ilitangaza kwamba itatoza kwa mwaka, na wateja wakachachamaa. Haikuchukua muda ikarekebisha masharti: aliyelipa mwaka mzima abaki na ruhusa ya kuitumia daima ile hali ya programu aliyokwisha kuilipia, hata akiacha kulipa, atakachokosa ni marekebisho mapya. Sharti hilo mtunzi yeyote mdogo anaweza kuliiga, na halimgharimu kitu.

Nimezungumzia wanaouza. Wapo pia wasiouza kabisa, wanaotoa programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuisoma ilivyoandikwa ndani na kuibadili. Mmoja wao ana uhusiano na majirani zetu. Mholanzi Bram Moolenaar alitoa programu ya kuandikia iitwayo Vim mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea katika mradi wa maji na usafi huko Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, mahali palipokuwa na watoto wengi waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Tangu hapo, kila mtu alipoifungua Vim bila faili alikutana na maneno ya kumwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Kwa njia hiyo watunga programu wa dunia nzima, ambao wengi wao wasingeweza kuionyesha Kibaale kwenye ramani, walichangia ada za shule na matibabu ya watoto wa huko. Moolenaar alifariki Agosti 2023.

Namheshimu sana mtu huyo. Lakini tuseme ukweli: yeye alikuwa na mshahara kwingine. Aliweza kutoa programu bure na kuwaombea wengine kwa sababu chakula chake kilikwisha kupatikana. Asiye na mshahara kwingine afanye nini?

Jibu la dunia kwa muda mrefu lilikuwa: ajitolee. Na tuliona matokeo yake. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kwamba kuna tundu katika OpenSSL, programu huria inayoficha siri za mawasiliano kwenye intaneti, zikiwamo namba za siri za benki na barua. Tundu hilo, lililopewa jina la Heartbleed, lilikuwa limekaa humo tangu mwaka 2012. Watu wakauliza: nani anaiangalia programu hii ambayo mamia ya maelfu ya kompyuta za huduma wanaitegemea? Ikajulikana kwamba michango ya mwaka ilikuwa kama dola 2,000, na aliyefanya kazi hiyo muda wote alikuwa mtu mmoja. Kampuni zilizokuwa zinavuna mabilioni juu ya mgongo wake hazikuwa zimefikiria kumlipa. Ndani ya majuma machache Amazon, Google, Microsoft, IBM na wengine waliahidi dola zisizopungua 100,000 kwa mwaka kila mmoja kwa miaka mitatu, kusaidia programu za aina hiyo. Kumbe fedha zilikuwapo.

Somo halikushika sawasawa. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kompyuta yake inachelewa nusu sekunde kila anapoingia kwa mbali, akafuatilia, akakuta mlango wa siri uliopandikizwa katika programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz. Programu ile ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja wa Ufini, bila malipo. Mwaka 2022 alikuwa ameeleza wazi kwamba nguvu zimempungua na kwamba kazi ile hailipwi. Akatokea msaidizi, mpole, mchapakazi, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alijijengea imani hadi akakabidhiwa funguo. Ndiye aliyepandikiza mlango ule. Mtu aliyechoka na asiyelipwa hana uwezo wa kumchunguza anayejitolea kumpokea mzigo.

Wako waliofanikiwa kula kwa programu ya bure. Richard Hipp wa North Carolina alitoa SQLite mwaka 2000. Ni programu ya kuhifadhi kumbukumbu, na kama una simu ya kisasa mfukoni, karibu hakika imo. Hipp hakujiwekea hakimiliki yoyote. Ni mali ya umma. Anachouza ni uangalizi. Kampuni kubwa zinazoitegemea hulipa ada ya uanachama, nazo zinahakikishiwa kwamba yeye na wenzake wachache wataitunza na watapokea simu. Zaidi ya hapo, zipo kampuni ambazo wanasheria wao hawaamini kitu cha bure, basi huwauzia hati ya kuthibitisha kwamba ni kweli ni bure. Naomba radhi, kila nikilifikiria hilo nacheka.

Turudi nyumbani. Vijana wetu wanaotunga programu hawauzi sana kwenye maduka ya simu. Wateja wao ni shule, zahanati, vyama vya kuweka na kukopa, wenye maduka ya dawa. Na kilio chao kimekuwa kimoja: mteja amelipa mara moja, labda laki tano baada ya kubembelezana, kisha anapiga simu kila juma kwa miaka mitatu. Mara kompyuta imebadilishwa, mara karani mpya hajui pa kubonyeza, mara wizara imetoa fomu mpya. Mteja haoni ubaya, kwa sababu anaamini alinunua kitu. Kijana anaona haya kudai, na siku moja anaacha kupokea simu. Shule inabaki na programu iliyokufa, na kijana anabaki na jina baya.

Kama akina Knopf wangekuwa na M-Pesa, nadhani wangeshangilia. Tangu huduma hiyo ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, malipo madogo ya mara kwa mara yamewezekana bila hundi wala posta. Shule inaweza kulipa shilingi elfu ishirini kwa mwezi bila kuumia, mahali ambapo isingeweza kutoa milioni moja kwa mkupuo. Na bei isiwe moja kwa wote. Chama chenye wanachama elfu nne kinachokusanya riba hakipaswi kulipa sawa na kikundi cha kina mama thelathini. Anayepata faida kubwa kutokana na programu alipe zaidi. Mwanafunzi anayejifunzia apewe bure.

Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kijana na mwalimu mkuu wakae wakubaliane kwa maandishi. Gharama ya kutunga ni kiasi gani, na gharama ya kutunza kwa mwezi ni kiasi gani, kila moja kwa jina lake, isije ya pili ikamezwa na ya kwanza. Utunzaji huo ni saa ngapi kwa mwezi, na simu zipokelewe hadi saa ngapi jioni. Ada ikisimama, programu iendelee kufunguka na majina ya wanafunzi na hesabu za karo yaweze kutolewa na kuchapwa. Na kwa kuwa kijana anaweza kupata kazi mbali, kuugua au kufariki, maandishi kamili ya programu yawekwe nakala, ili fundi mwingine aweze kuendelea pale alipoachia mwenzake. Nakala hiyo ikae katika kabati la chuma la mwalimu mkuu, pamoja na hati ya kiwanja cha shule.